Mwaka Kabula Alipokaa Mbele

Hapana, mimi sikuwa na wivu naye. Weka hicho kikombe chini, mjukuu wangu, naona unaniangalia kama vile umeshaniuliza. Nimetoka Lamadi jana, nimemzika Kabula, nimelia na wenzangu, nimekula wali wa msiba, nimerudi. Mwenye wivu angekwenda mpaka Lamadi na mgongo huu? Nilikwenda kwa sababu tumecheza ngoma pamoja tangu hatujaota matiti, na kwa sababu nilitaka kuona kama watu watajaa. Walijaa. Wauza samaki waliacha meza zao, watu wakasimama mpaka barabarani, na mimi nipo nyuma kule nasukumwa na viwiko, nikasema moyoni, haya Kabula, hata leo umenifanyia yale yale. Ya nani alimzaa nani utamuuliza baba yako, mimi hayo siyawezi. Mimi nitakuambia mwaka mmoja tu. Watu wengi mwaka uliowageuza ni wa ujana, ule wa kuolewa, ule wa mtoto wa kwanza. Wangu ulinikuta nina mvi, meno yamebaki ya kuazima, na ulikuwa mwaka wa magari ya rimoti. Ukicheka nanyamaza.

Chumba cha mbele ni hiki hiki tulichokaa, hakijabadilika. Makochi haya haya na vitambaa vyake, dirisha hili la upande wa barabara, na ile soketi moja ya umeme pale chini ya kalenda. Kiti cha babu yako ndicho kile kilichoko karibu na dirisha. Babu yako unamjua alivyo sasa, amelala hapo ndani, ukimsalimia anajibu kwa kidevu. Basi na mwanzo wa mwaka ule alikuwa hivyo hivyo. Alikuwa dereva wa lori la pamba, anabeba kutoka Mwamapalala na vijiji vya kule mpaka jinari, kule kiwandani inakochambuliwa, anarudi vumbi mpaka kwenye kope, na maneno mengi kuliko vumbi. Macho yakaanza kumwacha, hospitali wakasema presha ya macho, mpaka likawa giza zima. Na sauti ikaondoka na macho. Unampa ugali, anakula. Unamwambia mvua inakuja, anageuza uso dirishani kama vile anaiona. Mimi nikazoea kusema pande zote mbili. Namuuliza, "Chumvi imetosha, baba Shija?" Kisha najijibu kwa sauti yake ile nene ya tumboni, "Imetosha, Nkamba, leo umepika kama mtu." Anasikia. Hacheki.

Jumapili moja tunatoka kanisani nimemshika mkono, tukapita pale kwenye ghala la zamani la pamba, lile lenye uwanja wa saruji mbele. Nikasikia mlio, kama nyuki wamefungiwa kwenye chupa, na vijana wanapiga kelele. Babu yako akasimama. Nikamvuta, hakuvutika. Akageuza sikio, akasikiliza, akasema, "Hiyo inakanyagwa vibaya." Mimi nikamwachia mkono. Miezi mingi sijasikia hiyo sauti, ninayoiiga mwenyewe jikoni, na sasa imetoka kwa mwenyewe. Nikasema, "Nini inakanyagwa?" Akasema, "Hiyo gari. Anaingia kona na mafuta yote. Nipeleke karibu."

Gari zenyewe zilikuwa kama panya wakubwa. Hivyo ukienda siku ya mashindano usitegemee kupanda kitu, wala usivae nguo nyeupe. Mwenye shughuli alikuwa Limbu, fundi simu, mtoto wa hapa hapa Somanda ila alikaa Dar kidogo akarudi na mdomo wa kule. Anashika maiki, spika iko juu ya pikipiki, anasema hivi, puani: "Oyaaa, Somanda, mambo ni moto, wazee kwa vijana, kaeni mkao wa kula." Njia ameipanga kwa matairi ya zamani na magunia ya pumba, inazunguka, inapanda ubao, inarudi, na mwisho kuna kamba nyekundu, siyo ya kufungia, ni mstari umechorwa chini kwa chokaa iliyochanganywa na rangi. Madereva wanasimama juu ya tela la trekta ili waone njia yote, kila mtu na rimoti yake kifuani kama wamebeba vichanga. Gari ikipinduka, huruhusiwi kushuka kuiinua, kuna watu wa kazi hiyo. Wanaanza kwa makundi, wanne wanne, wanaobaki wanakutana mwisho. Na kusubiri ni kwingi. Unasubiri betri zijae chaji, unasubiri umeme urudi, unasubiri gari iliyong'oka tairi itafutiwe gundi. Mbio zenyewe ukipiga chafya zimepita.

Sasa na kushinda. Limbu alisema mshindi ni wa kwanza kukanyaga ile kamba ya rangi baada ya mizunguko. Alisema na kusema. Lakini unajua watu wa huku. Sisi tumekulia kwenye ngoma, makundi mawili yanacheza uwanja mmoja saa ile ile, hili huku na lile kule, na hakuna jaji. Watu ndiyo jaji. Watakakokimbilia ndiko ushindi uliko, wewe hata ucheze mpaka utoke damu, ukibaki na mbwa wawili na mama yako, umeshindwa. Basi na kwenye magari ikawa hivyo. Gari imefika ya kwanza, imekanyaga kamba, dereva ananyoosha mikono, anageuka, watu wote wako kule kwenye ubao wanashangilia gari iliyoruka ikageuka mara mbili ikatua kwa magurudumu. Limbu anapiga kelele kwenye maiki, "Jamani, mshindi huyu hapa." Wazee wanamjibu, "Huyo amewahi tu. Mshindi yule kule." Mwisho Limbu alichoka, akawa anatoa zawadi kwa aliyewahi, na watu wanambeba mabegani wa kwao.

Babu yako alinunua gari wiki ile ile, nyekundu, Limbu ndiye aliyemuuzia. Na kwa kuwa haoni, ikabidi mikono iwe yangu. Nilipanda kwenye tela nikiwa na moyo wangu wote, nakuambia. Yeye alikuwa kwenye kiti chini yangu, ananiambia nini cha kufanya. "Achia. Kata kushoto. Kanyaga." Mbele nilikwenda vizuri. Ubaya ni ikigeuka inarudi. Gari inapokuja usoni kwako, kushoto kwake siyo kushoto kwako, unakata huku inakwenda kule. Mimi nikaikemea kama ng'ombe aliyeingia shambani, ikatoka uwanjani, ikapita chini ya meza ya mama wa chipsi, ikaingia mtaroni. Babu yako anasema taratibu, "Nkamba, usisimame nje. Jifanye umekaa ndani." Nikamwambia ndani ya kitu kama mkate huo nitakaaje na makalio haya. Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Alitaka nikae ndani, na mimi nikaleta utani.

Hapo ndipo Kabula alipotokea. Siyo kwamba aliitwa. Alikuwa amefiwa na mumewe Lamadi, amekuja kupanga chumba hapa Bariadi, anauza dagaa kwenye beseni, na penye watu ndipo alipo. Alinikumbatia, akanuka ziwa lote. Akasema, na alikuwa na sauti ya kuvuta, kama anaimba amelala, "Nkamba, lete nijaribu hicho kidude chako, mikono yako tangu zamani ni ya kutwangia." Nikampa. Nilimpa mwenyewe. Gari ikaondoka, ikakata kona, ikarudi usoni kwake, ikakata tena bila kukosea. Na kiuno chake kinakata nayo. Babu yako ameinua uso. "Umekaa ndani?" Kabula akasema, "Nimekaa ndani, shemeji. Wewe uko wapi?" Babu yako, yule asiyesema, akasema, "Mimi niko hapa mlangoni, mimi utingo wako." Na akacheka. Meno yote.

Sasa ngoja nikuambie kitu halafu utaona kama ni wivu. Miaka yote babu yako anaendesha lile lori, mimi mbele sijakaa. Mbele anakaa karani wa pamba, anakaa mgonjwa, siku moja alikaa mbuzi wa padri kwa sababu jua lilikuwa kali. Mimi nilipanda juu, kwenye pamba, nimejifunika kitenge, namwona yeye mkono wake tu umetoka dirishani. Nikishuka nina pamba masikioni. Sikusema. Ndivyo ilivyokuwa, mke wa dereva anakaa juu. Halafu anakuja mtu na beseni la dagaa, siku moja tu, anaambiwa keti mbele, na utingo wake ni mwenye lori.

Kabula akawa dereva wa gari letu. Na kwake umeme unakatika kila mara luku ikiisha, hivyo Jumamosi analeta yeye dagaa, sisi tunatoa soketi. Anakaa kwenye kochi lile, betri iko chini ya kalenda inawaka taa ndogo nyekundu, na babu yako amesogeza kiti. Mimi niko jikoni. Unajua jiko letu na chumba cha mbele vinatenganishwa na pazia tu. Nasonga ugali, nasikia. Babu yako anasema, "Kona ya pili usiiogope. Pale ukiachia mafuta mapema itakupeleka yenyewe. Ni kama ule mteremko wa kuingia Nyalikungu, usiku, umebeba tani zako, unaona taa za Maswa chini." Kabula anasema, "Naziona, shemeji." "Unaziona?" "Zote. Hata ile ya hotelini." Mimi nimeshika mwiko nasema moyoni, muongo wewe, taa ya hotelini uliiona lini. Kisha naingia na ugali, na dagaa wake hao hao, na michembe, vile viazi vikavu, naweka mezani. Nauliza, "Mlikuwa mnasemaje?" Babu yako anasema, "Mambo ya gari." Na mlango wa maneno unafungwa mpaka nirudi nyuma ya pazia. Ugali siku zile uliungua mara nyingi sana.

Akaacha kumwita shemeji. Akawa anamwita dereva. "Dereva amefika? Nkamba, dereva amekula?" Kabula akiondoka, ukimya unarudi, unakaa kwenye kochi pale pale alipokaa yeye. Mimi niliutaka ule mdomo wa babu yako, ndiyo hicho tu. Sikutaka gari, sikutaka zawadi ya Limbu. Nilitaka aseme na mimi kuhusu taa za Maswa, mimi niliyeziona kweli, kutoka juu ya pamba, na baridi yake.

Na uwanjani ndiyo usiseme. Gari yetu ilishika harufu ya dagaa kwa sababu ya mikono yake, na mbwa wa Somanda wakaijua. Ikiondoka tu, mbwa wawili nyuma, watatu, wanaikimbiza kwenye matairi, na Kabula juu ya tela anaimba ule wimbo wetu wa ngoma, anawazungusha mbwa wale kama amewafuga. Watu walikuwa wanaanguka chini. Mwinjilisti mzima alipoteza kiatu. Yule mzee wa baraza anayesema kwa kukohoa akawa anasema, "Khm, huyu mama ana dawa, khm, gari hiyo imewekwa kitu." Mama wa chipsi anasema, "Si dagaa tu." Mzee anasema, "Dagaa ndiyo dawa yenyewe." Kila Jumapili Kabula hakuwahi kufika wa kwanza hata mara moja, kwa sababu ya mbwa, na kila Jumapili alibebwa mabegani. Babu yako haoni kamba ya rangi. Yeye anasikia watu. Palipo na kelele, ndipo gari yake iliposhinda.

Basi nikajifunza. Nilimpelekea Limbu beberu wangu yule wa madoa, akanipa gari ya kijani iliyokuwa imekufa na yeye akaifufua. Asubuhi babu yako akiwa amelala, mimi niko nyuma ya nyumba, kati ya kuku, nimeweka masufuria na makopo kama kona. Limbu alikuja kuniona akasema, "Bibi, noma sana, unatisha." Nikamwambia kutisha nimeanza zamani. Mwezi mzima nilikata huku ikaenda kule. Halafu siku moja nikaacha kuiangalia gari. Nikafumba akili, nikajiweka mle, mbele, siyo juu. Nikaona kioo, nikaona barabara, nikaona kopo la mafuta ya kula linanijia kama mbuyu. Nikakata kushoto, ikakata kushoto. Nilikaa chini pale kwenye mavi ya kuku, nikalia kidogo. Kumbe ndivyo kulivyo mbele. Kunaonekana kila kitu.

Mashindano ya mwisho wa mavuno Limbu aliyapigia matangazo mpaka Itilima. Watu walikuja na baiskeli, kuna wa kutoka Maswa, kuna mapadri wawili wanajifanya wanapita tu. Sikumwambia babu yako kitu. Nilimkalisha chini ya tela kama kawaida, nikampa maji, nikamwambia nakwenda kusalimia watu. Nikapanda upande wa pili na gari yangu ya kijani. Kabula akaniona. Akaangalia rimoti, akaniangalia mimi, akasema kwa ile sauti yake, "Na wewe Nkamba." Nikamwambia, "Na mimi." Hakucheka. Ninakuambia hili kwa sababu nalifikiria tangu jana: hakucheka, alinitazama kama mtu anayetazama mgonjwa.

Tulifika wote wawili kwenye kundi la mwisho, sisi na vijana wawili wa Maswa. Limbu anasema puani, "Mabibi wawili uwanjani, historia inaandikwa, waaana." Bendera ikashushwa. Mimi niliingia ndani na mlango nikafunga. Sikusikia mtu. Kona ya kwanza, kona ya pili nikaachia mafuta mapema, ikanipeleka yenyewe kama alivyosema babu yako nami nikiwa nyuma ya pazia, ubao nikaupanda katikati, nikatua. Vijana wale wawili wa Maswa niliwaacha kwenye magunia. Mzunguko wa mwisho nilikuwa peke yangu barabarani, nyuma hakuna taa ya mtu, na nikakanyaga kamba ya rangi. Mimi. Wa kwanza. Nikainua uso ili niwaone watu wangu, na mbele yangu ni saruji tupu. Limbu peke yake ndiye aliyekuwa pale, na maiki imezima. Watu wote walikuwa upande wa pili. Gari nyekundu ilikuwa imepinduka, mbwa mmoja ameibeba mdomoni kama mtoto wake anakimbia nayo, Kabula anaimba, uwanja mzima unamfuata mbwa. Sijawahi kusikia kelele kama ile, hata kwenye ngoma.

Nilishuka kwenye tela. Babu yako amesimama, amegeukia kelele, uso unawaka. Nikamshika mkono nikasema, "Baba Shija, nimefika. Wa kwanza ni mimi, nimekaa ndani, nimeona kila kitu." Akasema, "Ngoja, Nkamba, ngoja kidogo." Akaita, "Dereva! Dereva, umeiona kona ya pili?" Watu walikuwa wamemleta Kabula mabegani, wakamshusha mbele yetu. Akakung'uta vumbi nguoni. Akamwangalia babu yako, akaniangalia mimi, akaiangalia ile rimoti ya kijani niliyoibana kwapani. Watu wakasogea, walidhani anataka kuimba.

Baada ya hapo Kabula alirudi Lamadi, hatukuonana tena mpaka jana, na jana alikuwa amefunikwa. Gari zote mbili hizo hapo juu ya kabati, chini ya kitambaa, unazifuta vumbi kila siku hujui ni nini. Babu yako hajataja neno gari mpaka leo. Nilimrudisha nyumbani akiwa wangu peke yangu, kama nilivyotaka, na kimya chake chote. Jana nilipomwambia tumemzika aligeuza uso dirishani. Mimi nimejiuliza sana Kabula alisema vile pale uwanjani kwa ajili yangu, ili anirudishie mtu wangu, au alikuwa amechoka na miguu inamuuma, na kaburini nilitaka kumuuliza, ila watu walikuwa wengi. Sikupata nafasi ya kusogea. Sauti yake naijua, naweza kuitoa sasa hivi hapa, siyo ile ya kuvuta, ilikuwa kavu, ya sokoni, ya mtu anayefunga beseni. Alisema hivi:

"Shemeji, mimi kwenye lori lako sijawahi kukaa. Nilikuwa nakuitikia tu, nauza dagaa."